Mbiu na Jibu Lake: Juu ya Sonata ya Hindemith kwa Saksafoni na Piano

Saksafoni ikitajwa mbele ya Waswahili, fikira za wengi hukimbilia dansi. Si ajabu. Ala hiyo ilitufikia pamoja na bendi, na bendi zetu nyingi za zamani, kama Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz na Western Jazz, zilijivika jina la muziki ambao ulimwengu mzima umeuhusisha na saksafoni. Basi mtu akiambiwa kwamba iko saksafoni ipigwayo katika ukumbi mdogo, piano moja kando yake, wasikilizaji wameketi kimya kama wako darsani, huenda akadhani kuwa hayo ni mambo ya kuiga, mfano wa mtu wa ngoma aliyeazima joho la mwanachuoni. Dhana hiyo ndiyo nitakayo kuipinga, nami nitaipinga kwa njia ya utungo mmoja: sonata ya Paul Hindemith ya mwaka 1943. Nimeuchagua kwa sababu umebeba shairi ndani yake, na shairi hilo ni la majibizano. Mwalimu wa fasihi ya Kiswahili hawezi kupita kando ya jambo kama hilo akajifanya hakuliona.

Kwanza tuijue ala yenyewe. Adolphe Sax, mzaliwa wa Dinant katika Ubelgiji, aliipatia hati ya uvumbuzi nchini Ufaransa mwaka 1846. Mwili wake ni wa shaba, kwa hiyo macho huiweka pamoja na tarumbeta. Lakini sauti yake hutoka katika ulimi wa tete uliofungwa kinywani mwa ala, na kwa sababu hiyo wajuzi huihesabu katika jamaa ya zumari. Sax aliifundisha katika Conservatoire ya Paris tangu 1857 hata 1870, Ufaransa ilipoingia vitani na Prussia, na darasa likafa. Halikufufuka ila mwaka 1942, chini ya Marcel Mule. Kwa muda wa miaka 72 ala hii haikuwa na darasa katika chuo kile kile kilichoipokea utotoni. Haina utungo wa Mozart wala wa Beethoven, maana wote wawili walikwisha fariki kabla haijazaliwa, na wengi katika wakubwa waliofuata waliipisha njiani bila salamu. Ni yatima katika nyumba ya muziki wa Ulaya.

Tungo za awali za saksafoni na piano zilitoka katika darasa lile la Sax, zikatungwa na watu kama Singelée na Demersseman, na nyingine zilikusudiwa mitihani. Zinapendeza, nazo zinapima vidole na pumzi. Lakini piano ndani yake haina neno la kusema. Hutandika mkeka, saksafoni ikaja ikaketi. Hata Rapsodia ya Debussy, iliyoagizwa na Bi Elise Hall wa Boston, haituokoi katika jambo hili. Debussy alikufa mwaka 1918 akaiacha haijakamilika, Roger-Ducasse akaitimizia sehemu za okestra, ikapigwa mwaka 1919. Ikiletwa katika tumbuizo la wawili, piano husimama mahali pa okestra, na msikilizaji mwenye sikio hutambua mara moja kwamba anazungumza na wakili, mwenye nyumba hayupo.

Naam, sasa Hindemith. Aliondoka Ujerumani mwaka 1938, akaishi Uswisi, kisha akavuka kwenda Marekani mwaka 1940, akafundisha Yale. Sonata hii aliitunga huko, nayo, tuseme kweli, hakuikusudia saksafoni kwanza. Aliikusudia pembe ya shaba iitwayo althorn, akaruhusu kwamba pembe ya kawaida ya okestra au saksafoni ya alto iweze kushika nafasi yake. Althorn ya namna hiyo na saksafoni ya alto zote mbili zimepangwa katika sauti ya mi bemoli, hata mpigaji wa hii aweza kuusoma ukurasa wa ile. Utungo una mafungu manne. La kwanza limetulia, la pili ni changamfu, la tatu ni la pole sana. Kabla ya fungu la nne wapigaji huweka ala chini, wakasema.

Shairi linaitwa kwa Kijerumani "Das Posthorn", na chini ya jina hilo limeandikwa kuwa ni mazungumzo ya wawili. Mpiga pembe huanza. Anaona katika mlio wa pembe ugeni uliotoka katika zama ambazo mwendo ulipimwa kwa farasi, watu wakijifunza dunia kwa kusafiri ndani yake. Na moyo wake umeshikwa na hamu ya zama hizo. Mpiga piano humjibu kwamba ukale hauwi sifa kwa kuwa ni ukale, wala upya kwa kuwa ni wetu, kisha humpa kazi ya kufanya katikati ya ghasia.

Mfasiri wa Kiswahili hukwama tangu kwenye jina. Baragumu la posta lilitangaza kuwasili kwa gari la barua. Sisi hatukuwa na gari hilo. Tulikuwa na siwa, lakini siwa ni la enzi na sherehe, na hakuna aliyewahi kulisubiri limletee waraka. Neno lililo karibu zaidi ni mbiu. Pembe ya nyati ikilia, watu husikiliza kwa kuwa kuna jambo. Twapoteza barua, lakini twahifadhi lile lililo kubwa zaidi, yaani mlio unaotangulia habari. Kwa hiyo ningaliliita "Mbiu", nami sioni haya kwa uhuru huo.

Lakini hapa ndipo palipo na tatizo ambalo wapigaji wengi wa saksafoni hulipita bila kulitazama. Maneno yale ya kutamani zama za farasi yamewekwa kinywani mwa mpiga pembe, na pembe ni ala ya kale kweli. Saksafoni si ya kale. Ilizaliwa wakati reli zilikuwa zikitandazwa Ulaya na simu za waya zikianza kupeleka habari. Ni ndugu wa mwendo ule ule unaolalamikiwa. Mpiga saksafoni asimamapo kuyasoma maneno hayo, hudai urithi wa babu asiye wake. Je, shairi limeharibika? Wengine huona hivyo, au huona haya tu kusema mbele ya watu, basi huliacha na kuendelea moja kwa moja na fungu la nne. Mimi naona kwamba wanakosea. Kwa pembe, majonzi ya msemaji ni ya haki, na jibu la piano huwa ni faraja. Kwa saksafoni, majonzi hayo ni ya kuazima, na jibu la piano huwa ni karipio la upole linalompata mwenyewe hasa. Maana imebadilika, lakini haikupungua. Pengine imeongezeka.

Na asidhani msomaji kwamba swali la kale na jipya lilikuwa la wasomi waliokosa kazi. Mwaka 1938 Wanazi walifanya maonyesho mjini Düsseldorf ya muziki waliouita uliooza, na picha waliyoipamba nayo ilikuwa ya mtu mweusi anayepuliza saksafoni, kifuani mwake nyota ya Kiyahudi. Hindemith alikuwa miongoni mwa waliolaaniwa humo. Kwao ukale peke yake ndio uliokuwa usafi, na ala hii ikafanywa sura ya kila walichokichukia. Nionavyo mimi, tumbuizo lililopangwa kwa akili halina budi kuiweka kabla ya Hindemith ile Hot-Sonate ya Erwin Schulhoff ya mwaka 1930. Schulhoff, Myahudi wa Prague, aliandika humo saksafoni ya mjini, yenye mikato ya jazz, na katika fungu la tatu sauti huteleza na kulia kwa namna iliyo nusu kilio na nusu kejeli. Haitamani farasi wa mtu yeyote. Schulhoff alifia katika kambi ya Wülzburg mwaka 1942, mwaka mmoja kabla Hindemith hajaandika sonata yake. Mwenye kusikia tungo hizo mbili kwa mfululizo, kisha akamsikia mpiga saksafoni akitamani zama zilizopita, hawezi tena kuyachukua maneno hayo kwa wepesi.

Turudi kwenye majibizano. Kwa kanuni ya washairi wetu, ajibuye hufuata vina na mizani za aliyemwanza. Akiziacha, watu husema amekimbia uwanja. Hivyo ndivyo walivyojibizana washairi wa Mvita, Lamu na Unguja zama za Muyaka, na ndivyo walivyofanya wasomaji wa Mambo Leo waliposhindana kufungua mafumbo. Muziki wa fungu la nne unakwenda kinyume cha kanuni hiyo. Kwanza, piano iliyosema nyuma katika shairi ndiyo inayotangulia sasa, peke yake, kwa kasi kubwa, kana kwamba yenyewe ndiyo ghasia iliyotajwa. Kisha saksafoni huingia na wimbo wake mwingine kabisa, wenye mruko wa mlio wa posta, wala haijali vina vya mwenziwe. Hatimaye vitu viwili hivyo husikika pamoja, kila kimoja kikishika njia yake, navyo vinapatana. Hapo mpiga piano ndiye mwenye mtihani. Akipunguza nguvu kwa adabu ili kumpisha mwenye ala inayong'aa, amelirudisha tumbuizo lote kwenye mkeka wa Singelée.

Kwa sababu hiyo, yeyote atakayelifasiri shairi lile kwa ajili ya wasikilizaji wetu (na ingefaa wasomewe kwa lugha yao) asisite kumpa mpiga piano vina vile vile vya mpiga saksafoni. Sikio la Mswahili hulitambua jibu kwa alama hiyo. Zitakapoanza ala, na piano ikatoka mbio bila kusubiri mtu, sikio hilo hilo litajua pasipo kuelezwa kwamba kanuni imevunjwa, na litakaa macho kungoja saksafoni itafanya nini.