Kosa la Dakika ya 11

Sioni faida ya kumfichia msomaji hukumu yangu mpaka mwisho wa makala: mwalimu aliyekifunga kitabu katika dakika ya 11 ya somo lile la mfano la Darasa la Kwanza, ambalo video yake imepita simu hadi simu miongoni mwa walimu wa Bariadi, Itilima na Maswa tangu msimu wa ununuzi wa pamba ulipofunguliwa, alikosea, na kosa lake haliwezi kufunikwa kwa hoja kwamba mengine yote aliyafanya vema. Nimesikia sifa zake katika kikao cha MEWAKA, yale mafunzo endelevu ya walimu kazini, nimezisoma katika makundi ya walimu, na kila mara nimestaajabu kwamba watu waliosomea kazi hii wanapita juu ya dakika ile kana kwamba hapakutokea jambo.

Tuikumbuke hali ilivyokuwa. Watoto wameketi nusu duara sakafuni, kitabu ni kimoja tu, nacho kimeelekezwa kwao, na kisa ni cha bibi ambaye pamba yake imekwisha kupasuka shambani wakati wingu la mvua isiyo ya majira limetanda upande wa Ziwa. Mjukuu ametumwa kuita majirani, amerudi peke yake kwa kuwa kila mtu yu mbioni katika shamba lake mwenyewe, na sasa wawili hao wanachuma kwa pupa, mpaka tone la kwanza linadondoka juu ya fundo la shuka. Hapo hakuna mtoto aliyekuwa bado anachezea vidole vya miguu. Binti mmoja wa safu ya mbele, mwenye sweta lililofumuka kiwikoni, alikuwa amenyanyuka akasimama kwa magoti bila ya kujijua. Mtoto wa Bariadi hahitaji kufasiriwa maana ya tone lile, kwani ameona kwao pamba iliyolowa ikirudishwa kutoka kwenye mizani ya chama cha ushirika (AMCOS), anajua kwamba iliyokuwa safi yaweza kugeuka fifi, yaani ya daraja la chini, kwa usiku mmoja, na anajua kwamba sare na madaftari vimo ndani ya fundo lile. Na katika nukta hiyo hasa, si kabla wala baada yake, mwalimu akatia kidole kati ya kurasa, akakifunga kitabu, akasema, “Haya, sasa tuione pamba yenyewe,” akavuta ndoo kutoka chini ya meza, akaanza kugawa vitumba.

Yule binti akauliza, na sauti yake yasikika dhahiri kwa anayesikiliza: “Mwalimu, mvua ilinyesha?” Akajibiwa, “Tutaendelea kesho.” Wakati huo safu ya nyuma ilikuwa imekwisha kuanza kugombea vitumba vikubwa, mikono imeingia ndoonimo, na hadhira iliyokuwa imeshikwa na kauli moja ikatawanyika ikawa watoto wanaokaribia mia, kila mmoja na lake. Kitabu hakikufunguliwa tena hata kengele ilipolia.

Kwa nini nasema ni kosa la kiufundi, wala si suala la ladha tu? Kwa sababu mtoto wa miaka sita ambaye nyumbani hunena Kisukuma, akaja shuleni akasomewa hadithi kwa Kiswahili, hufanya kazi tatu kwa mpigo: husikia maneno, huyatafutia maana, na hujichorea akilini mambo yasiyokuwapo mbele ya macho yake, na kinachomwezesha kustahimili mzigo huo wote ni shauku ya kujua litakalofuata. Ukiikata shauku katika kilele chake, hukupoteza kisa peke yake. Umepoteza na msamiati, maana maneno kama kutanda, kudondoka na kulowa, ambayo huenda mtoto ameyasikia kwa mara ya kwanza katika kurasa zile, yalikuwa yarudi tena katika nusu ya pili, yakiwa yamefungamana na hatima ya bibi, na marejeo hayo ndiyo hulikaza neno pamoja na maana yake. Mwalimu aliweka msingi kwa dakika kumi na moja, akaondoka kabla ya kuta.

Wanaomtetea husema kwamba mtaala mpya, ulioanza kutumika Januari 2024, unataka umahiri na vitendo, na kwamba mtoto hujifunza kwa mikono. Nani apingaye? Mwalimu Nyerere alilisema hilo mwezi Machi 1967 katika Elimu ya Kujitegemea, na sisi tuliolima mashamba ya shule twalijua pasipo kuhubiriwa. Lakini kugusa nako kuna wakati wake. Kitumba kikija baada ya tamati, mtoto hukipokea akiwa na habari za hasara au salama ya bibi, naye akichambua pamba safi na fifi huwa kana kwamba anaokoa lile fundo la shuka. Mikono inaitumikia hadithi, na hadithi inaipa mikono sababu. Kikija katikati, kitumba ni kitu cha kuchezea, tena kitu ambacho mtoto huyu amekichuma tangu alfajiri ya Jumamosi iliyopita, kwa hiyo hakina ugeni wa kufidia alichonyang'anywa.

Nami naamini najua fikra ya kuitoa ndoo katikati ya kisa ilikotoka. Imetoka katika fomu ya mgeni anayeketi nyuma ya darasa, yenye mahali pa kutia alama ya zana na mahali pa kutia alama ya ushiriki, lakini isiyo na mahali pa kuandika kwamba watoto walinyamaza wakasikiliza. Nimekwisha kuliandika jambo hili katika safu hii, na nitaliandika tena: mtoto anayesikiliza kwa kimya anashiriki kwa ukamilifu kuliko yule anayeitikia kwa pamoja “Ndiyoooo” asijue ameitikia nini. Mwalimu mwenye hofu ya fomu huiharakisha ndoo, ili mgeni asije akaondoka kabla ya kuiona.

Wapo wasiopenda niwataje walimu wa UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote, kwa kuwa imekuwa desturi kuwabeza. Lakini baada ya Azimio la Musoma la Novemba 1974, nchi ilipotaka kila mtoto awe darasani ifikapo 1977, vijana waliomaliza Darasa la Saba tu walipewa chaki na darasa, wakasomea ualimu huku wakifundisha. Na katika vijiji vya huku, Simiyu ikiwa bado ni sehemu ya Shinyanga, aghalabu hawakuwa na zana yoyote ila koo zao. Mwalimu wa namna ile alipoanza kisa alikimaliza. Angethubutuje kukiacha, ilhali hakuwa na ndoo ya kujifichia? Na juu yao wote namweka Bi Debora Mwenda wa “Mama na Mwana”, kipindi cha watoto cha Radio Tanzania Dar es Salaam, ambaye hakuwa na picha, hakuwa na mkono wa kuonyesha, wala hakumwona hata mmoja wa watoto waliomsikiliza, akawashika nchi nzima kwa sauti peke yake, kwa sababu alijua mahali pa kupunguza mwendo na mahali pa kunyamaza, na kunyamaza kwake kulikuwa ndani ya hadithi, hakukuitoka. Mwalimu wetu wa video naye alinyamaza vizuri mara mbili kabla ya dakika ya 11. Kipaji anacho, na ndiyo sababu nakasirika.

Kwa haki nataja yaliyo mema: sauti yake ilibadilika baina ya bibi na mjukuu, swali la jalada liliulizwa kwa kiasi, na kazi ya kuchambua safi na fifi ilikuwa nzuri kabisa. Hata kuteua kisa cha mavuno katika mwezi Mei ni jambo la kushukuriwa, maana nimeona madarasa mengi yakisoma habari za kupanda mbegu katika mwezi wa Agosti, ardhi ikiwa imepasuka, eti kwa sababu ndivyo azimio la kazi lilivyopangwa. Majira ya Simiyu yana mpango wake. Pamba hupandwa kuanzia katikati ya Novemba, kwa hiyo hadithi ya kupanda haina budi isomwe mwezi huo huo kabla shule hazijafungwa. Palizi iko Januari, watoto wanaporudi darasani wakiwa na malengelenge viganjani. Na katika kiangazi, viazi vitamu vinapokatwa na kutandazwa juu ya majabali viwe michembe, au kuchemshwa kwanza ndipo vianikwe viwe matobolwa, darasa lina somo la uzani, la jua na la subira ambalo sijaona mchapishaji aliyelitolea kitabu. Basi mwalimu na aliandike mwenyewe juu ya karatasi ya manila. Wala asingoje vile vitabu vilivyomo kabatini kwa mwalimu mkuu, ambavyo vinatunzwa visichakae mpaka vinaliwa na mchwa vikiwa vipya. Kwa habari ya makabati hayo kalamu yangu haijachoka.

Nimeambiwa kwamba muda usingetosha. Tuuhesabu. Kipindi ni cha dakika 30. Kitabu kina kurasa 12, na mwalimu, baada ya dakika tatu za utangulizi, alisoma kurasa nane kwa dakika nane, kwa hiyo nne zilizosalia zingemalizika katika dakika ya 15. Dakika moja ingetosha kumpa yule binti nafasi ya kusema aliyoyaona, mbili za kugawa vitumba, kumi za kuchambua safi na fifi katika makundi ya watoto sita sita, na mbili zingebaki za kurudisha pamba ndooni. Ambacho kingekosa nafasi ni kuhesabu mbegu peke yake, na hicho alikiharakisha hata hivyo mpaka hesabu zikavurugika, kwa kuwa kitumba kimoja chaweza kuwa na mbegu 20 hadi 40 zilizoshikamana na nyuzi, na kuzitenga kwataka utulivu. Kazi hiyo ingesogezwa hadi kipindi cha Kuhesabu cha kesho yake, kwa vitumba vile vile, mbegu zikapangwa makumi makumi juu ya kurasa za magazeti.