Awamu 41 za Ronan O'Gara

Limerick, Novemba 12, 2011. Dakika 80 zimekwisha na Munster, timu ya raga ya Ireland, wako nyuma dhidi ya Northampton ya Uingereza, 20 kwa 21. Katika raga, muda ukiisha mchezo hauishi papo hapo: mpira usipotoka nje na timu inayoushika isipokosea, refa hapulizi kipenga cha mwisho. Munster wakaushika wakakataa kuuachia. Mmoja anaukumbatia, anajitosa kwenye ukuta wa wapinzani, anaangushwa. Wenzake wanamfunika, namba 9 anautoa, mwingine anajitosa. Hiyo ni awamu moja. Walicheza awamu 41.

Nyuma yao alikuwapo Ronan O'Gara, namba 10, akisubiri nafasi ya kupiga dropu, mkwaju wa pointi 3 ambao mpira hudondoshwa, ukagusa nyasi, ndipo ukapigwa. Ni mkwaju wenye masharti magumu. Mpigaji asimame mbali na rundo ili asifikiwe na wanaomrukia, lakini asiwe mbali mno na goli. Pasi ikimjia chini au pembeni, mwili wote unapinda. Kwa hiyo kila aliyejitosa mbele alikuwa anamtengenezea O'Gara umbali na pembe, huku Northampton wakijibana wasitoe penalti. Mguu ulimaliza kazi ya mabega ya watu 14. Matokeo: 23 kwa 21. Wiki moja baadaye, dhidi ya Castres ya Ufaransa mjini Toulouse, akafunga nyingine dakika za mwisho, 27 kwa 24.

Aliwahi kufanya hivyo mbele ya macho mengi zaidi. Cardiff, Machi 2009, Wales walitangulia 15 kwa 14 zikiwa zimebaki dakika chache. Mafowadi wa Ireland wakasogea hadi mbele ya milingoti, Peter Stringer akatoa pasi, na dropu ya O'Gara ikaipa Ireland ushindi wa 17 kwa 15 na Grand Slam, yaani kushinda mechi zote za michuano ya mataifa, ya kwanza tangu 1948.

Wachezaji wengi husafiri wakiwa na miguu michanga. O'Gara, mzaliwa wa San Diego, Marekani, aliyekulia Cork, aliichezea Munster pekee tangu 1997 hadi 2013, akaiwakilisha Ireland mara 128 na kuifungia pointi 1,083. Safari ilianza alipotundika daluga. Alikwenda Paris kuwa kocha msaidizi wa Racing, mabingwa wa Ufaransa 2016. Kisha Christchurch, New Zealand, akiwa na Crusaders waliotwaa Super Rugby 2018 na 2019. Halafu La Rochelle, kwenye pwani ya Atlantiki ya Ufaransa.

Hapo ndipo hadithi inanoga. Mtu aliyeishi kwa mguu aliifundisha La Rochelle kuuweka mpira hai: kuendelea kuubeba na kuupasiana hata pale ambapo mkwaju ungekuwa njia rahisi. Msimu wa 2021 timu hiyo ilishindwa na Toulouse katika fainali mbili, ya Ulaya na ya Ufaransa. O'Gara hakubadili mwendo.

Marseille, Mei 2022, fainali ya Ulaya. Leinster wa Dublin wanaongoza 21 kwa 17. Pengo la pointi 4: dropu, silaha yake ya zamani, haitoshi. Inahitajika trai, yaani kuugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa goli la wapinzani. La Rochelle wanajitosa karibu na mstari, awamu baada ya awamu, kama Munster wa 2011, hadi Arthur Retière anapounyoosha mkono juu ya rundo na kuugusisha mpira chini. Pamoja na mkwaju wa nyongeza baada ya trai, 24 kwa 21. Kwangu mimi huo ndio uchezaji wa Limerick uliokomaa: subira ileile, safari hii bila kumngoja mtu mmoja apige.

Siku hiyo La Rochelle walifunga trai 3. Leinster walipata pointi zao zote 21 kwa penalti, bila trai hata moja.