Nyama, Mboga na Kitoweo: Uhakiki wa Maneno ya Mjadala wa Chakula

Mjadala wa kula nyama au kujizuia nayo umekwisha ingia katika Kiswahili, lakini umeingia umevaa nguo za kuazima. Watu huhojiana magazetini, redioni na katika vyumba vya kungojea waganga, na maneno wayatumiayo mengi yalitungwa ili kufasiri maneno ya Kiingereza. Ni machache yaliyopimwa kwanza kama yalingana na namna wasemaji wa lugha hii waigawavyo sahani yao. Kwa hiyo yafaa kuyachungua maneno hayo yenyewe, kwa kuwa pande mbili za mabishano zinaweza kutofautiana mchana kutwa bila ya kusema habari ya kitu kimoja.

Neno la kwanza la kuchunguliwa ni mboga. Mtu asiyekula nyama ameitwa katika maandishi ya siku hizi mla mboga, au kwa kuunganisha, mlamboga. Katika Mombasa au Nairobi neno hilo laweza kupita, maana huko mboga ni majani na matunda ya bustani: mchicha, sukuma wiki, kabichi, boga. Lakini katika sehemu nyingi za bara la Tanzania mboga ni chochote kinachosindikiza ugali. Mtoto akiuliza, "Leo mboga gani?" jibu lake laweza kuwa dagaa, laweza kuwa maharage, na siku ya heri laweza kuwa nyama ya mbuzi. Katika nyumba ya namna hiyo kila mtu ni mla mboga, na asiyekula mboga ni yule maskini wa Mungu anayekula ugali mkavu. Ushahidi wa jambo hili umo katika lugha yenyewe: kama mboga ingekuwa na maana moja tu, wasemaji wasingehitaji kusema "mboga za majani", wala maofisa wa kilimo wasingejitungia "mbogamboga" ili kuyatenga mazao ya bustani na vinginevyo.

Pwani kazi hiyo ya kusindikiza chakula imepewa neno lake, nalo ni kitoweo. Kamusi Sanifu ya Johnson ya mwaka 1939 yalieleza kwa kazi yake mezani: ni kitu kiliwacho pamoja na chakula ili kukitia ladha, kama vile nyama au samaki. Hapa pana jambo la maana kuliko linavyodhaniwa. Kiswahili chaligawa shughuli ya kula katika chakula na kitoweo. Hakianzi kwa kuugawa ulimwengu katika wanyama na mimea. Wali ndio chakula. Mbaazi za nazi, kunde, changu wa kukaanga na nyama ya ng'ombe vyote husimama safu moja nyuma yake. Watu wa pwani wamekula mahamri kwa mbaazi asubuhi nyingi bila ya kutia tone la mchuzi wa nyama, na hapana aliyewaza kwamba mlo huo wataka jina la pekee. Ulikuwa mlo tu.

Kinyume chake, jina la Kiingereza la watu wasiokula nyama lilienea pamoja na chama: chama cha Uingereza kilianzishwa Ramsgate mwaka 1847, na kabla ya hapo watu hao huko Ulaya waliitwa wafuasi wa Pythagoras. Mwaka 1944 Donald Watson na wenzake walijitenga tena, wakatunga jina jipya la wale wasiogusa hata maziwa na mayai. Majina hayo ni bendera. Kuyafasiri kwa neno la jikoni ni sawa na kumpa mtu upawa aubebe vitani.

Neno nyama nalo lina mitego yake. Anayetaka kuijua mipaka yake na asome ubao wa bei wa mama ntilie: wali nyama, wali kuku, wali samaki, wali maharage. Kwa ubao huo kuku si nyama, na samaki si nyama. Nyama ikitajwa peke yake ni ya ng'ombe, au pengine ya mbuzi. Ndiyo sababu mgeni asemaye, "Mimi sili nyama," huletewa kuku kwa moyo safi kabisa, na mwenyeji hushangaa anapoona sahani imesukumwa kando. Hakuna aliyekosa adabu. Mmoja amesema Kiswahili kwa maana ya Kiingereza, na mwingine amesikia Kiswahili. Zaidi ya hayo, mgeni hachinjiwi kwa sababu ya njaa yake tu. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," na nyumba nzima huingojea siku hiyo. Anayekikataa kitoweo cha ugeni ana deni la maelezo, na neno mlamboga halimsaidii kulilipa.

Lakini pana mahali ambapo Kiswahili kina nguvu kuliko lugha iliyoazimwa hoja, napo hapajaangaliwa vya kutosha na wafasiri. Watetezi wa kutokula nyama katika Kiingereza wana hoja moja wanayoipenda sana: kwamba lugha yao humficha mnyama. Nguruwe akiwa hai ana jina la Kisaksoni. Akifika mezani hupewa jina la Kifaransa. Walter Scott aliitia hoja hiyo kinywani mwa mtu wa mzaha katika riwaya yake Ivanhoe, ya mwaka wa 1819 kwa hesabu ya ukurasa wake wa jina ingesomeka 1820. Na Carol Adams aliipanua kuwa nadharia nzima katika kitabu chake cha mwaka 1990. Hoja hiyo ikihamishwa neno kwa neno mpaka Kiswahili, huanguka chini. Katika Kiswahili hakuna kilichofichwa. Nyama ya ng'ombe ni nyama ya ng'ombe, na shina la neno lenyewe ni moja na shina la mnyama. Wachunguzi wa lugha za Kibantu, tangu Meinhof mpaka Guthrie, waliona ya kuwa shina hilo hubeba maana zote mbili, hayawani na mnofu wake. Katika hadithi za zamani simba aliweza kuitwa nyama hali angali akinguruma. Kilichotenganisha maana hizo mbili katika matumizi ya leo ni kiambishi m- tu.

Basi kama hoja ya maadili itasemwa kwa Kiswahili, haina budi kutafuta mlango mwingine, na mlango upo. Mstari mzito wa maadili katika msamiati huu haukupigwa baina ya mnyama na mmea. Umepigwa baina ya aliyechinjwa na aliyekufa. Nyama ya aliyekufa bila ya kuchinjwa ni kibudu, ni nyamafu, na maneno hayo hutia kichefuchefu hata yakisemwa mbali na chakula. Hii maana yake ni kwamba lugha imekwisha kukubali kuwa namna mnyama alivyofikwa na mauti ni shauri la mlaji, si la mchinjaji peke yake. Mwandishi wa Kiswahili anayetaka kusema juu ya mateso ya mifugo katika mabanda ya kisasa angeanzia hapo angesikilizwa. Makala nyingi za namna hiyo hazianzii hapo. Huanza kwa kufasiri.

Upande wa afya makosa ni ya namna nyingine, na madhara yake ni makubwa zaidi. Chukua shauri lisemalo, "Punguza nyama nyekundu." Kwanza, rangi yenyewe. Kwa mganga nyama nyekundu ni ya ng'ombe, mbuzi, kondoo na nguruwe, hata ikiwa imepikwa ikageuka kahawia. Kwa msikilizaji asiyefunzwa yaweza kuwa nyama mbichi, au mnofu usio na mafuta. Pili, na ndilo kubwa, kitenzi punguza hudai kiasi cha kupunguzwa. Mwezi wa Januari 2019 tume ya wanasayansi iliyoandikiwa na jarida la Lancet ilipendekeza nyama nyekundu gramu 14 hivi kwa siku, yaani 98 kwa juma. Nyumba ya watu watano inayonunua robo kilo mara moja kwa juma hupata gramu 50 kwa kila mtu, na mfupa umo. Nyumba hiyo iko chini ya nusu ya kiasi kilichopendekezwa. Kuiambia ipunguze ni kumwambia aliye mtoni wakati wa kiangazi apunguze kuogelea. Shauri hilo lamfaa mwenye jongo na mwenye kuketi kila Jumamosi mbele ya sinia la nyama choma. Lakini redio haichagui masikio.

Uchunguzi uliofanywa Embu, Kenya, tangu 1998 hadi 2000, unapaswa kuwekwa kando ya shauri hilo. Katika shule 12, watoto zaidi ya 500 wa darasa la kwanza waligawanywa: wengine walipewa githeri iliyotiwa nyama, wengine githeri na maziwa, wengine githeri iliyoongezwa mafuta, na wengine hawakupewa chakula. Waliokula nyama ndio waliosonga mbele zaidi katika jaribio la kufikiri kwa picha, na misuli ya mikono yao iliongezeka zaidi. Watetezi wa nyama huutaja uchunguzi huu kana kwamba umeyamaliza mashindano. Haukuyamaliza. Ulionyesha manufaa ya kijaluba cha nyama katika mlo hafifu wa watoto maskini; haukumpima mtu mzima mwenye uwezo wa kuchagua choroko, karanga, mayai na matunda. Hata hivyo unatosha kuonyesha ya kuwa amri moja haiwezi kuwafaa wote.

Tafsiri nyingine iliyopotosha ni "nyama iliyosindikwa". Mwaka 2015 shirika la kimataifa la uchunguzi wa saratani, lililoko Lyon, Ufaransa, liliiweka nyama ya namna hiyo katika kundi la vitu vilivyothibitika kuleta saratani kwa binadamu. Kusindika kwa Mswahili ni kukamua mafuta au miwa, na siku hizi ni kazi ya kiwandani. Kwa hiyo msomaji huona soseji na makopo tu. Lakini shirika lilikusudia pia nyama iliyotiwa chumvi au kukaushwa kwa moshi ili ikae, na kazi hizo hufanyika penye dari lolote lenye moshi. Maneno "nyama ya chumvi na ya moshi" yangesema kweli zaidi, ijapokuwa hayana sura ya kitaalamu.

Kuhusu jina la mtu mwenyewe, baadhi wamependekeza mla majani. Hilo halifai kabisa, kwa maana vitabu vya shule vimekwisha kuligawia swala na twiga. Wengine wangependa mwenye mwiko wa nyama, na neno mwiko ni la kale na la heshima: koo nyingi zina mnyama wasiyemla, na mganga humpa mgonjwa miiko yake. (Kwamba neno hilo hilo ni chombo cha kusongea ugali ni bahati ambayo washairi hawajaimaliza.) Lakini mwiko hupokewa kutoka kwa wazee au kwa mganga, hauchaguliwi, utamfaa Mjaini au Mhindu aliyezaliwa katika desturi hiyo, na hautamfaa kijana wa Dar es Salaam aliyejiamulia mwaka jana baada ya kusoma. Kwake yeye lililo sahihi ni maneno mawili ya kawaida, asiyekula nyama, yakifuatwa, kwa ajili ya mwenyeji wake, na kuku na samaki kwa majina yao.