Kutia na Kuhifadhi: Uhakiki wa Kiswahili cha Seva

Mnamo mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi inayozungumza na mtumiaji kwa Kiswahili. Hatua hiyo inastahili sifa, kwani ilithibitisha kwa vitendo kwamba kazi za kompyuta zinaweza kusemwa bila kupitia Kiingereza. Hata hivyo, tafsiri hiyo iliishia barazani, haikuingia chumbani. Maelezo ya kiini cha Linux, mfumo ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, yamekwisha kutafsiriwa, angalau kwa sehemu, kwa Kichina, Kijapani, Kikorea, Kiitaliano na Kihispania, Kiswahili hakimo.

Istilahi yenyewe ya kiini haina kasoro. Kifaransa cha shule za Maniema husema noyau, neno ambalo maana yake ya kwanza ni kokwa la tunda. Lakini kokwa hutupwa tunda likishaliwa, ilhali sehemu hii ya mfumo ndiyo igawayo kumbukumbu, isimamiayo kichakataji na ipitishayo data za mtandao. Kiini kinafaa zaidi, na msemaji wa Kabambare hukielewa sawa na wa Unguja.

Tatizo limo katika kitenzi kuweka. Chukua amri hii: sysctl -w net.ipv4.ip_forward=1. Huiruhusu seva kupitisha pakiti kutoka mtandao mmoja hadi mwingine. Thamani hiyo hukaa katika kiini kinachofanya kazi wakati huo tu. Mashine ikizimwa, hupotea. Ili idumu, hapana budi iandikwe katika faili, kwa mfano ndani ya saraka /etc/sysctl.d, ambayo mfumo huisoma kila unapowaka. Mtafsiri akisema “weka” kwa vitendo vyote viwili, huifuta tofauti hiyo, kwa kuwa kuweka ni kukalisha kitu mahali na pia ni kukitunza, kama asemavyo mwenye kuweka akiba.

Kosa hili si dogo mahali kama Kabambare, ambako umeme hutegemea jenereta na paneli za jua. Mtunza seva aliyesoma “weka” huamini kwamba amekwisha kuweka. Jenereta ikizimika usiku, asubuhi kompyuta zilizounganishwa kupitia seva hiyo hazifiki nje. Atakagua waya, atakagua antena, kumbe hitilafu imo katika kitenzi.

Inafaa basi kusema kutia kwa badiliko la muda, na kuhifadhi kwa lile la kudumu. Majina kama ip_forward yaachwe yalivyo, kwani mashine haijui mengine. Yatafsiriwe maelezo yake.

Katika karne ya 19 Kiswahili kiliingia Kabambare pamoja na misafara iliyopita kati ya Ziwa Tanganyika na Kasongo, na neno lilijaribiwa mkononi mwa aliyebeba mzigo. Katiba ya mwaka 2006 imekitaja kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa la Kongo. Kwa hiyo, kamusi za kompyuta zinazotungwa pwani hazina budi kujaribiwa magharibi ya ziwa pia, na mtu ambaye seva yake huzimika mara kwa mara ndiye mhakiki wa kwanza wa kuulizwa.