Kinyama cha mlango wa kizazi: jibu huanzia kwenye kopo

Kinyama kinachotolewa kwenye mlango wa kizazi mara nyingi hakizidi punje ya mchele. Kikishapandishwa kilimani Bugando, hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa iliyoko Nyamagana, Mwanza, ndugu wa mgonjwa huamini kazi yote sasa ni ya hadubini. Kwa maoni yangu, nusu ya jibu imeshaamuliwa kabla ya hapo.

Tuanze na kopo. Fomalini ya asilimia 10 hupenya nyama polepole, kama milimita moja kwa saa, na ujazo wake unapaswa kuwa walau mara kumi ya ule wa kinyama. Ikiwekwa kiduchu, seli huanza kuoza, na hata bingwa hana cha kusoma.

Kinyama kilichoiva kwenye fomalini huondolewa maji kwa alkoholi, hupitishwa kwenye zailini, kisha huzamishwa kwenye nta ya moto. Hapa ndipo penye mkono wa fundi. Lazima akisimamishe, ili kisu kikate kutoka tabaka la juu kwenda chini. Uzito wa jambo hili huonekana zaidi kwenye koni, kile kipande kikubwa kinachokatwa kuzunguka mlango. Kwa mwongozo wa 2018 wa FIGO, shirikisho la kimataifa la madaktari wa magonjwa ya wanawake na uzazi, saratani inayoonekana kwa hadubini tu na isiyopenya zaidi ya milimita 3 ni hatua ya IA1. Ikivuka hapo hadi 5, ni IA2. Bloku, yaani kinyama ndani ya nta iliyoganda, ikikatwa mshazari, kina huonekana kikubwa kuliko kilivyo, na mwanamke ambaye huenda koni ingemtosha anaweza kutolewa kizazi.

Fundi hukata vipande vya mikroni 3 hadi 5, huviacha vielee kwenye maji ya uvuguvugu, huvinasa kwa slaidi na kuvitia rangi.

Kanda ya Ziwa ina mtego wake: kichocho. Mlango wa kizazi wenye uvimbe unaotoka damu ukiguswa humfanya daktari awaze saratani, kumbe ndani mna mayai ya minyoo ya kichocho yaliyozingirwa na seli za kinga, eosinofili zikiwa tele. Yai lenye mwiba mwishoni ni la haematobium, kichocho cha malambo ya Kwimba na Misungwi. Lenye mwiba ubavuni ni la mansoni, kichocho cha ziwani. Tatizo ni kwamba kisu hupita kinapopita, na mwiba mara nyingi haumo kwenye kipande. Basi hukatwa vipande vingine, au hutumika rangi ileile ya kutafutia vimelea vya kifua kikuu: ganda la mansoni huishika, la haematobium kwa kawaida halishiki.

Msomaji makini wa slaidi hasimami hapo. Yai na saratani vyaweza kukaa kwenye slaidi moja, na prazikwanteli, dawa ya kichocho, haitibu saratani.

Kwa hiyo, muuguzi au daktari unayefunga kopo kule zahanati: jaza fomu yote. Andika umri, tarehe ya hedhi ya mwisho, hali ya VVU, mahali kinyama kilipotolewa, na kijiji mgonjwa anakochota maji.