Lafudhi Haitoki Damuni: Mhindi wa Jukwaani na Wahindi wa Riwaya

Katika michezo ya kuigiza ya wanafunzi kuna mhusika mmoja asiyehitaji kutambulishwa. Anasimama nyuma ya meza iliyogeuzwa kuwa duka, anasema "Vewe nataka nini?", na ukumbi mzima unacheka. Hana jina, hana mji aliozaliwa, hana shule aliyosoma. Ni "Mhindi", basi. Kiswahili chake kinachukuliwa kuwa kitu alichozaliwa nacho, kama rangi ya ngozi yake.

Makala hii inamhakiki mhusika huyo kwa kumlinganisha na Wahindi wa riwaya tatu: Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi (1999), na mbili za M. G. Vassanji, The Book of Secrets (1994) na The In-Between World of Vikram Lall (2003). Hoja yangu ni kwamba lafudhi haitoki damuni. Inatokana na lugha ya nyumbani, na zaidi na shule na mtaa ambamo mtu alikulia. Anayesikia "lafudhi ya Kihindi" kwa kweli anasikia historia ya elimu ya mahali fulani. Hoja hii inatuhusu sisi tunaosoma Kiswahili Rwanda kuliko tunavyodhani, nami nitaeleza sababu baadaye.

Kwanza, hakuna Mhindi mmoja. Wafanyabiashara kutoka Kachi na Gujarati walikuwa wakija Unguja na Mombasa tangu zamani, wakifuata pepo za msimu. Wapunjabi wengi waliletwa na reli ya Uganda, iliyojengwa kati ya 1896 na 1901 kwa nguvu za vibarua zaidi ya 30,000 kutoka Bara Hindi. Wengi walirudi kwao, wengine wakabaki Nairobi, Nakuru na Kisumu. Wagoa walitoka katika koloni la Wareno, wakawa makarani, wapishi, washonaji na walimu. Watu hawa hawakuwa na lugha moja. Wa kwanza walizungumza Kikachi na Kigujarati, wa pili Kipunjabi na mara nyingi Kiurdu, wa tatu Kikonkani. Mgoa na Mpunjabi walipokutana Nairobi, huenda Kiswahili au Kiingereza ndicho kilichowapatanisha.

Tofauti hizo zinasikika. Msemaji wa Kigujarati huweza kusema "jamani" akikusudia "zamani", kwa sababu z na j katika lugha yake hukaribiana. Aliyelelewa katika Kiurdu hana shida hiyo, maana z anayo. Wote huweza kuchanganya v na w, na hapo ndipo "vewe" ya jukwaani ilipotoka. Lakini Kikachi, kama jirani yake Kisindhi, kina b, d, j na g zinazotamkwa kwa kuvuta hewa ndani kidogo. Sauti za namna hiyo ndizo zinazosikika kwa Waswahili wa pwani wanaposema "baba" au "dada". Tena lugha nyingi za Bara Hindi hutofautisha sauti zenye mpumuo na zisizo nao. Kimvita pia hufanya hivyo: paa la nyumba halina mpumuo, paa wa porini anao, kaa la moto halina, kaa wa baharini anao. Maandishi yetu sanifu hayaonyeshi tofauti hiyo, na wengi wetu wa bara hatuisikii kabisa. Kwa hiyo inawezekana mwenye duka wa Kikachi pale Mombasa akawa karibu zaidi na matamshi ya wenyeji wa pwani kuliko mwigizaji anayemcheka.

Hata hivyo lugha ya nyumbani haielezi yote. Shule inaeleza zaidi. Unguja ilikuwa na shule ya wasichana ya Aga Khan tangu 1905, na katika shule nyingi za jumuiya za Kihindi Kigujarati kilitangulia darasani, Kiingereza kikafuata baadaye. Serikali za kikoloni zilitenganisha watoto kwa rangi: shule za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika. Katika mpango huo Kiswahili kilikuwa lugha ya darasa kwa mtoto wa Kiafrika peke yake. Mtoto wa Kihindi alikipata uani, jikoni, sokoni na dukani.

Baada ya uhuru njia zikaachana. Tanganyika iliunganisha shule zake mwaka 1962, na mwaka 1967 Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali. Kenya ilishika njia nyingine. Majaribio ya kufundisha kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza yalianza Nairobi mwaka 1957 katika shule za Wahindi, kwa sababu iliyo wazi: darasa moja lingeweza kuwa na watoto wa Kigujarati, wa Kipunjabi na wa Kikachi, na mwalimu hakuwa na lugha moja ya kuwakusanya. Mtindo huo ukaenea hadi shule nyingine za nchi hiyo. Kiswahili kilikuja kuwa somo la lazima lenye mtihani kwa watoto wote wa Kenya mwaka 1985, ulipoanza mfumo wa 8-4-4.

Chukua sasa watoto wa ndugu wawili, babu yao mmoja, nyumbani kwao Kikachi. Mmoja ameanza shule Dar es Salaam mwaka 1970, mwingine Nairobi mwaka huohuo. Wa kwanza amejifunza kuhesabu, kuimba na kuandika insha kwa Kiswahili, akiwa dawati moja na mtoto wa Mzaramo. Wa pili amejifunza hayo yote kwa Kiingereza, na Kiswahili chake amekipata kwa mtumishi wa nyumbani na kwa wateja. Wakikutana harusini baada ya miaka ishirini, je, tutasema wana "lafudhi ya Kihindi"? Damu yao ni moja, Kiswahili chao ni viwili.

Tukirudi kwenye riwaya, Shafi Adam Shafi anastahili sifa kwa uamuzi mmoja ambao wahakiki hawautaji sana. Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeozwa kwa Mzee Raza aliyemzidi umri kwa mbali, anakimbia ndoa hiyo, anakataliwa na jamaa zake, na anapokewa Ng'ambo na Mwajuma. Mwandishi angeweza kumpa Yasmin Kiswahili cha kuchekesha. Badala yake Yasmin na Mwajuma wanasemezana kwa Kiswahili cha Unguja, kama mashoga wawili wa mtaa mmoja. Urafiki wao unaaminika kwa sababu hiyo. Kama Yasmin angesema "vewe", kila machozi yake yangegeuka kichekesho, na msomaji asingemfuata hadi kwa Denge na katika harakati za kupinga ukoloni.

Lakini uamuzi huo una gharama yake. Uzito wa riwaya uko katika mapenzi na siasa, na mkazo hauwekwi kwenye njia iliyomfikisha Yasmin katika lugha hiyo. Jumba la ndugu zake na chumba cha Mwajuma vimetengwa na tabaka, dini na desturi, na twaona mipaka hiyo yote ikivukwa kwa uchungu. Mpaka wa lugha unavukwa bila jasho. Katika maandishi hilo linawezekana, kwa sababu karatasi haina sauti. Filamu ya Amil Shivji ya mwaka 2021, iliyotokana na riwaya hii, haikuwa na nafasi hiyo. Mwigizaji lazima afungue kinywa, na akishafungua, mtazamaji anajua amekulia wapi.

Vassanji, aliyezaliwa Nairobi na kukulia Dar es Salaam, anafanya kinyume. Katika The Book of Secrets msimulizi mkuu ni Pius Fernandes, Mgoa, mwalimu mstaafu jijini Dar es Salaam, aliyekuja kufundisha wavulana wa jumuiya isiyo yake. Hapo mwandishi anatufungulia kile ambacho jukwaa linakificha: kwamba "Wahindi" wanaweza kuwa wageni wao kwa wao, na kwamba shule ni mahali ambapo ugeni huo unapimwa kila siku. Katika The In-Between World of Vikram Lall tunahamia Nakuru ya miaka ya 1950, katika familia ya Kipunjabi iliyotokana na reli. Vikram mtoto anacheza na Njoroge, lakini wanapokua kila mmoja anavutwa na historia ya watu wake. Ukizisoma riwaya hizi mbili pamoja, Dar es Salaam na Nakuru haziwezi tena kuzaa Mhindi mmoja.

Kasoro ninayoiona ni kwamba haya yote yameandikwa kwa Kiingereza. Maneno ya Kiswahili yamo, ila kama viungo katika chakula cha mtu mwingine. Basi msomaji wa Kiswahili yuko kati ya waandishi wawili: mmoja anampa Mhindi anayezungumza naye bila kumwonyesha darasa alilotoka, mwingine anampa darasa hilo katika lugha ambayo si ya mazungumzo yao. Riwaya inayounganisha mambo haya mawili kwa Kiswahili ingetufaa sana.

Kuna pingamizi ambalo si la kupuuzwa. Mtu anaweza kusema kicheko cha jukwaani ni haki ya mnyonge. Mwenye duka alikuwa na mizani, daftari la madeni na ufunguo. Mteja alikuwa na mdomo tu, akautumia kumwiga. Nakubali kwamba kicheko hicho kina asili yake katika kutokuwa sawa kwa watu. Pia ni kweli kwamba Kiswahili cha dukani kilikuwa mara nyingi cha kuamrisha na kuhesabu, kisichojali upatanisho wa ngeli, kwa hiyo "mtu yake" ikapita. Lakini "mtu yake" imesikika pia kwa masetla wa Kenya na kwa wenyeji wa bara wasio na tone la damu ya Kihindi. Kama mchezo unataka kushambulia mizani ya uongo, na uishambulie mizani. Ukishambulia ulimi, unamwacha mwenye mizani salama na kumjeruhi mtoto wake aliye darasani nasi.

Tena kaunta hiyo haikuwa njia ya upande mmoja. Gari, bima, laki, pesa na gunia ni maneno yaliyotokana na lugha za Kihindi, na baadhi yamefika hadi Kinyarwanda: gunia tunaliita igunira. Wafanyabiashara wa Kihindi na wa Kiarabu walikuwa Kigali mapema, baada ya Richard Kandt kuuanzisha mji mwaka 1907. Anayemcheka Mhindi kwa kuharibu Kiswahili huenda anamcheka kwa maneno aliyoazima kwake.

Sasa nieleze kwa nini jambo hili linanigusa. Ninaishi Batsinda, kaskazini mwa Kigali, mtaa ambao sehemu yake ilijengwa kwa ajili ya familia zilizohamishwa kutoka Kiyovu ya chini, karibu na mwaka 2008. Hapa Kiswahili kinasikika kwa namna nyingi. Yupo aliyekileta kutoka Bukavu, yupo aliyekileta kutoka Bujumbura, Kagera au Kampala, na yupo aliyekiokota Nyamirambo bila kuvuka mpaka wowote. Wote ni Wanyarwanda. Mama mmoja jirani yangu akisema "miye niko najua", najua alikosoma, wala sijui lolote kuhusu damu yake. Katika nchi yetu, ambako watu waliorudi baada ya 1994 waliweza kutambuliwa nchi walikotoka kwa maneno machache tu, kusikiliza ulimi wa mtu na kumpangia mahali pake si mchezo mwepesi.

Na sisi tunachekwa pia. Mnyarwanda anayejifunza Kiswahili ukubwani huchanganya r na l, kwa kuwa lugha yake haizitenganishi kama Kiswahili kinavyozitenganisha. "Mahali" inakuwa "mahari", na mtu aliyeuliza mahali pa kukaa anaonekana anauliza mahari. Nimeona wenzangu wenye fikra nzuri wakinyamaza kwenye semina kwa sababu ya herufi hizo mbili. Shule zetu ziligeukia Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia kwa uamuzi wa 2008, na Kiswahili kikawa lugha rasmi mwaka 2017. Kizazi changu kimekipata kikiwa kimechelewa, kama yule mtoto wa Nairobi niliyemtaja. Atakayetusikia na kusema "hiyo ni lafudhi ya Kinyarwanda, hawawezi" atakuwa amefanya kosa lilelile la jukwaani: amegeuza ratiba ya shule kuwa maumbile.

Sisemi matamshi yasifundishwe. Mwalimu ana wajibu wa kunionyesha tofauti ya mahali na mahari, nami nina wajibu wa kuifanyia mazoezi. Ninachodai ni kwamba alama ya matamshi ipime umbali aliosafiri mwanafunzi, na isitumike kukadiria akili yake wala asili yake. Kwa wenzangu waandishi wa michezo, ombi langu ni dogo. Kabla ya kumweka Mhindi nyuma ya meza, mpeni jina, mji na shule. Mkishajua alisoma wapi na lini, mtajua anavyozungumza, na huenda mkagundua kwamba anazungumza Kiswahili kizuri kuliko mimi na nyinyi.