Uhuru wa Nani? Usomaji Sambamba wa Maisha ya Tippu Tip na Uhuru wa Watumwa wa James Mbotela

1.0 Utangulizi

Fasihi ya Kiswahili imerithi jambo ambalo si kila lugha imelipata: kumbukumbu za mfanyabiashara aliyeendesha misafara ya bara, na kumbukumbu za mtoto wa mtu aliyeuzwa, zote katika lugha moja. Hamed bin Muhammed el Murjebi, ajulikanaye zaidi kwa jina la Tippu Tip, aliandika habari za maisha yake kwa ombi la Mjerumani Heinrich Brode, ambaye alizichapisha Ujerumani mwaka 1902 na 1903. James Mbotela, ambaye baba yake alikuwa mtumwa aliyekombolewa, alitoa Uhuru wa Watumwa mwaka 1934. Cha kwanza kimethaminiwa na wanahistoria kama hazina ya habari za bara. Cha pili wahakiki wengi wamekiweka kando kwa kuwa kinamsifu Mwingereza kupita kiasi. Makala haya yanahoji kwamba hukumu hizo mbili zimetokana na kuvisoma vitabu hivi kimoja kimoja. Vikisomwa pamoja, kila kimoja kinafichua kile ambacho kingine kimekinyamazia.

2.0 Daftari la Tippu Tip

Nathari ya Tippu Tip ni nathari ya mfanyabiashara. Inakwenda kwa safari, kwa frasila za pembe, kwa madeni na kwa majina ya watawala aliopatana au aliopigana nao. Vita vyake na Nsama wa Itawa vinasimuliwa kwa pumzi ileile inayosimulia pembe zilizopatikana. Watu wa kawaida huingia kwa makundi: wapagazi, mateka, wafuasi. Mwandishi hajitetei wala hajuti. Msomaji wa leo akikerwa na ukimya huo, asidhani kwamba ni upungufu wa kumbukumbu, kwa maana mtu huyu anakumbuka mizigo yake vizuri. Ukimya ni kanuni ya uandishi wenyewe: daftari huhesabu mali, halimuulizi aliyehesabiwa ametoka wapi.

Hata hivyo, kuna mahali ambapo daftari linavuja. Akiwa Utetera, katika nchi ya Manyema, Tippu Tip alipata utawala bila kupigana na mtawala wa huko, Kasongo Rushie. Alidai kwamba bibi yake alikuwa mmoja wa mabinti wa ukoo huo waliotekwa zamani na kupelekwa mbali, na kwa hiyo yeye ni damu yao iliyorudi nyumbani. Kasongo Rushie alimpokea kama jamaa na kumwachia madaraka. Tippu Tip anaisimulia habari hii kama ushahidi wa werevu wake, na ndivyo wengi walivyoisoma.

Tuisome upande wa pili. Hila hiyo isingefaulu kama watu wa Utetera wangekuwa wamewasahau mabinti wao. Ilifaulu kwa sababu walikuwa bado wanawataja na kuwangoja, wakiwa tayari kumfungulia mlango yeyote aliyeleta habari zao. Kwa hiyo kitabu kinachowahesabu mateka bila majina kinathibitisha, pasipo kukusudia, kwamba kila aliyetekwa aliacha nyuma watu waliomkumbuka. Huo ni ushahidi wa kihistoria wenye thamani isiyopungua ile ya orodha za pembe.

3.0 Kihusishi katika anwani ya Mbotela

Kitabu cha Mbotela kimejengwa kama safari ya kutoka gizani kwenda nuruni: watu wanatekwa, wanafikishwa pwani, wanapakiwa majahazini, manowari ya Kiingereza inatokea, wanakombolewa, wanakaa Freretown. Mji huo wa misheni, uliopo Kisauni, Mombasa, ulianzishwa na Church Missionary Society mwaka 1875, miaka miwili baada ya Sultani Barghash kutia saini mkataba wa kufunga masoko ya watumwa na kuzuia usafirishaji wao baharini. Katika mpango huo wa masimulizi mtendaji wa uhuru ni manowari, na mtumwa ni mpokeaji anayeshukuru.

Wanaokilaumu kitabu hiki wana haki. Hakielezi kwa nini dola iliyokamata majahazi iliuacha utumwa wenyewe uendelee kutambuliwa na sheria kwa miaka mingi. Unguja na Pemba hali ya kisheria ya utumwa ilifutwa mwaka 1897, na hata hapo mtumwa alitakiwa aende mwenyewe kuomba uhuru wake, ilhali masuria waliachwa nje ya amri hiyo hadi 1909. Pwani ya Kenya ilisubiri hadi 1907, na Tanganyika hadi 1922. Kadhalika kitabu hakiwapi nafasi inayowastahili watoro. Kabla ya serikali kutoa amri yoyote, watu walikuwa wamekwisha kuyakimbia mashamba ya pwani na kuanzisha makazi yao, kama Fuladoyo, au kujificha Rabai chini ya misheni. Idadi yao Rabai ilikuwa kubwa kiasi kwamba mwanzoni mwa 1889 kampuni ya Kiingereza ililazimika kuwalipa mabwana fidia ili zaidi ya watu elfu moja wapewe hati za uhuru. Walioanza kutenda ni watoro. Hati zilifuata nyayo zao.

Lakini kukitupa kitabu kwa sababu hiyo ni kutosikia anwani yake. Uhuru wa Watumwa haukuitwa uhuru wa Waingereza. Kihusishi "wa" kinaufanya uhuru kuwa mali ya watumwa, hata pale ambapo masimulizi yanaukabidhi kwa manowari. Tena, Mbotela anafanya jambo ambalo Tippu Tip hakulifanya: anamweka baba yake mwanzoni mwa sentensi, mtu mwenye kwao na mwenye mtoto wa kumsimulia. Shukrani zake kwa misheni zinaweza kutuchosha. Ujasiri wake wa kukiri hadharani asili ambayo jirani zake wengi waliificha hautakiwi kutupita.

4.0 Jina lililobadilika bara

Vitabu hivi viwili vinakutana pia katika lugha. Mtumwa, kwa umbo la neno, ni yule anayetumwa; kinyume chake pwani ni mwungwana, mtu aliyezaliwa huru. Katika njia ya misafara, kutoka Bagamoyo kupitia Tabora na Ujiji hadi Kasongo, maana hiyo ilipinduliwa. Wafuasi wa wafanyabiashara wa pwani, wengi wao wakiwa watumwa, walijiita waungwana, na Kiswahili cha mashariki ya Kongo kikaja kuitwa Kingwana. Waliojumlishwa katika daftari bila majina walijitwalia jina la mabwana wao, wakalifanya jina la lugha. Kwa kuwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, inafaa kukumbuka kwamba lugha tunayoisifu kuwa daraja la kanda ilibebwa mabegani mwa watu hao.

5.0 Hitimisho na mapendekezo

Hoja hii ina matokeo nje ya darasa la fasihi. Kwanza, matoleo ya shule ya maandiko haya mawili yatolewe pamoja, yakiwa na maelezo ya kihistoria, ili mwanafunzi asijifunze kwamba utumwa ulikuwa kisa cha Mwarabu mbaya na Mwingereza mwema tu, wala kwamba ulikuwa biashara isiyo na sura za watu. Pili, njia ya kati ya watumwa na pembe, ambayo Tanzania iliiweka katika orodha yake ya awali ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, isiishie Ujiji. Upande wa pili wa Tanganyika ndiko walikobaki waliongoja, na bila Utetera na Kasongo njia hiyo ni nusu ya habari. Tatu, watafiti wanaokusanya masimulizi ya vizazi vya watumwa wamwachie msimulizi uamuzi wa kutajwa au kutotajwa. Mbotela alichagua mwenyewe kusema. Kumtangaza mtu ambaye hajachagua ni kumhesabu upya katika daftari la zamani.